Nondo wa Majani Katika Nyumba ya Mama Mkwe

Uongo wa mdomo nimeusema mara nyingi, kama watu wote. Uongo wa wino niliuandika mara moja tu, nao ulikuwa wa neno moja. Niliuandika kwenye kipande cha karatasi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, nikakichoma kwa pini chini ya nondo mfu, nikafunga kabati. Ndani ya miezi michache neno lile lilikuwa limetoka Bukavu mpaka kwenye kilima kimoja upande wa Kavumu, na kuharibu shamba la mwanamke ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Ilikuwa miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre na kila mwanamume mwenye viatu aliitwa citoyen, mwananchi. Nilikuwa nimemaliza miaka yangu sita ya sekondari, sehemu ya biolojia na kemia, nikapata kazi katika maabara ndogo ya wadudu mjini. Ilikuwa nyumba ya zamani ya matofali juu ya mteremko unaotazama ziwa. Tulikuwa na hadubini moja nzuri, hadubini moja mbaya, makabati yaliyojaa wadudu waliokaushwa, na harufu ya naftalini iliyonifuata kila jioni mpaka Bagira, nilikopanga chumba. Jirani yangu wa Bagira aliwahi kuniuliza kwa upole kama nguo ninazovaa ni za urithi wa marehemu.

Mkuu wangu, ambaye wote tulimwita Chef, hakuwa na diploma yoyote. Alianza katika nyumba ile akiwa kijana, kwa kuosha chupa za Wabelgiji. Baadaye wakamwachia kuchoma pini, baadaye kuandika, na walipoondoka alibaki yeye na wadudu. Miwani yake ilifungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Mimi aliniita Diplômé, na kila alipolitamka neno hilo nilijikagua kama nimefunga suruali vizuri.

Kazi yetu kubwa mwaka ule ilikuwa nondo wa majani. Huyu ni mdudu ambaye msomaji amemfukuza mara nyingi bila kujua. Unapita katika nyasi, kitu cha kijivu kinaruka mbele ya mguu wako, kinakwenda hatua mbili tatu, kinatua kwenye ubua na kutoweka. Hajatoweka. Amekunja mabawa kuuzunguka mwili wake kama mtu anayesokota sigara, amegeuza kichwa chini, na mbele ya uso amesogeza kitu kama mdomo wa bata, ambacho si mdomo bali ni viungo vya kuonjea. Wako wa aina nyingi, na karibu wote wamevaa rangi moja, ile ya majani makavu. Ukitaka kujua huyu ni wa ukoo gani, mabawa hayakusaidii. Inabidi umchukue dume, umkate ncha ya tumbo, uichemshe katika dawa mpaka nyama iyeyuke, halafu uangalie viungo vyake vya uzazi kwa hadubini, kwa maana humo kila aina ina umbo lake. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea miaka sita, na niliianza kila siku saa moja na nusu asubuhi.

Sasa, Mzungu mmoja wa zamani alikuwa amemwandika nondo wetu wa milimani kuwa jamaa ya wale wanaotoboa mashina ya mpunga na miwa kule chini katika bonde la Ruzizi. Aliangalia mabawa tu. Chef alikuwa ameangalia mkia, na kwa miaka mingi alisema hapana, huyu ni wa ukoo mwingine kabisa, ni mtu mpole, anakula majani membamba na hana habari na shamba la mtu. Ila hakujua ni majani gani. Mara moja jike lilitaga mayai ndani ya chupa, viwavi wakatoka, Chef akawachora: kichwa cha rangi ya kahawa, na mgongoni vitone viwili viwili kama vifungo. Akawawekea kila aina ya majani aliyoipata kuzunguka maabara. Walikataa yote, wakafa. Siku ile Chef alifunga ofisi mapema na hakusalimia mtu.

“Diplômé,” aliniambia, “weye njo uko na miguu ya kijana. Unitafutie huyu mutoto pale anakulaka. Unakamata kiwavi, unakamata na majani yenye alikuwa anakula, unamulisha ile ile mpaka atoke nondo. Kisha unaandika etiketi. Fasi, majani, mwenye alikamata. Kama hauna hakika ya majani, unaacha pale wazi. Unasikia? Wazi.”

“Nimesikia, Chef.”

“Sema tena.”

“Wazi, Chef.”

Nilitafuta miezi mitatu. Nilipiga magoti katika nyasi za vilima vyote nilivyoweza kuvifikia kwa miguu. Wachungaji waliniuliza nimepoteza nini, na nilipowajibu walinionea huruma. Sikupata hata kiwavi mmoja.

Wakati huohuo nilikuwa na jambo lingine. Nilikuwa nimempata mwalimu wa shule moja ya msingi mjini, msichana wa macho makali na kicheko cha haraka, na ikafika siku ya kwenda kujionyesha kwao, kwenye kilima cha upande wa Kavumu. Baba yake alikwisha kufa. Nyumba ilikuwa mikononi mwa mama yake, mjane aliyelima mteremko mkali kwa jembe lake mwenyewe, na maneno ya ukoo yalikuwa mikononi mwa baba yake mdogo, mzee mwenye kofia ambayo hakuivua hata kwa sala.

Njiani mchumba wangu alinifundisha adabu za kwao. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hamsemeshi moja kwa moja, naye vilevile. Neno likilazimika linapitia kwa mtu wa tatu, na mtu akikosekana linapitia kwa chochote kilicho karibu.

“Na wakikuuliza kazi,” akasema, “weye sema laboratoire. Usiongeze kitu.”

“Na wakiuliza laboratoire ya nini?”

“Hawatauliza. Ile neno inatosha.”

Tuliingia. Kwa heshima yetu mama mkwe alikuwa ametandika majani sakafuni, kama walivyofanya kwa wageni wakubwa: mabichi, laini, yaliyokatwa asubuhi ile, yamejaa chumba kizima mpaka ukutani. Nilikaa kwenye kiti kifupi, nikainamisha macho kwa adabu, na kwa sababu macho yalikuwa chini, nikaona. Katikati ya viatu vyangu, kwenye shina la jani moja, palikuwa na kamrija kembamba ka nyuzi nyeupe, na mlangoni mwa kamrija hako kilitokeza kichwa cha rangi ya kahawa. Kiwavi akatoka nusu mwili. Vitone viwili viwili mgongoni. Kando yake palikuwa na mwingine.

Msomaji aliyewahi kutafuta kitu miezi mitatu ananielewa. Mwingine atasema: si ungeuliza tu majani yale yalikatwa wapi? Lakini kumuuliza nani? Mama mkwe hasemeshwi. Na hata kama ningempitishia mtu swali, ningesemaje? Kwamba katika majani aliyonitandikia kwa heshima nimeona wadudu? Siku ile mwanamume angeweza kuvunja chungu na akasamehewa, lakini si hilo. Basi nikafanya nilivyoweza. Baba mdogo alipokuwa akiwamwagia mababu pombe ya ndizi na kila mtu akimtazama, niliinama kama ninayefunga kamba ya kiatu, nikaokota vishina vitano sita pamoja na wenyewe, nikavitia katika mfuko wa abacost yangu mpya, lile koti la serikali lisilovaliwa tai.

“Citoyen,” baba mdogo akaanza, “unatumikaka kazi gani?”

“Laboratoire, papa.”

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mchumba wangu akapumua.

“Laboratoire ya magonjwa?”

“Hapana, papa. Ya vipepeo vidogo vya majani.”

“Unavitengeneza?”

“Ninaangalia ni vya ukoo gani.”

“Ah, kama sisi leo.” Wazee wakacheka. “Na unajuaka namna gani ukoo ya kipepeo? Kinakuambia jina ya babu yake?”

Ningenyamaza. Mungu anajua ningenyamaza. Lakini nilikuwa kijana, na mtu ananiuliza juu ya kazi yangu.

“Tunaangalia dume, papa. Kwa nyuma.”

“Kwa nyuma wapi?”

“Pale… pale anazalia.”

Mzee mmoja mwembamba kando ya mlango akasema taratibu, kama anayetaka kuhakikisha: “Miaka sita ya masomo, ju ya kuchungulia vipepeo ndani ya kaputula?” Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Baba mdogo alipiga goti mpaka kofia ikamfunika macho. Na ni katika kicheko kile kiwavi mmoja alipotoka mfukoni, akapanda vifungo vyangu kimoja baada ya kingine kama ngazi, akafika kwenye kola. Mchumba wangu alimwona. Mbele ya ukoo mzima akanyoosha mkono, akanigusa shingo, akakunja kiganja.

“Yoo!” mzee mwembamba akasema. “Hawangoje hata ng'ombe ya mahari!”

Tulikubaliwa. Nafikiri walitukubali kwa sababu tuliwachekesha. Tuliporudi barabarani mchumba wangu alifungua kiganja na kunirudishia kiwavi wangu, mzima, akatangulia mbele mpaka tulipofika penye lami.

Jumatatu nilipeleka viwavi maabara. Chef aliwaangalia kwa kioo cha mkono, akaangalia michoro yake ya zamani, akawaangalia tena.

“Diplômé, ni yeye. Uliwakuta ku majani gani?”

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu ya kusema kweli. Kweli ilikuwa fupi: sijui, Chef, niliwakuta sakafuni. Lakini niliona kicheko cha wazee kikirudi mara ya pili, sasa kutoka kwa mtu niliyemheshimu. Viwavi walitoka wapi? Ndani ya nyumba ya mama mkwe. Ulikuwa unafanya nini? Ninaomba mke. Nikakumbuka nilichokiona nje ya nyumba ile, kwenye kingo za shamba, safu za setaria zilizopandwa kushikilia udongo usiporomoke, majani manene, marefu, ya kulishia wanyama.

“Setaria,” nikasema.

Uso wake ulishuka. Sikuelewa mara moja kwa nini. Setaria ina shina nene. Mdudu anayeishi katika shina nene ni jamaa ya watoboaji wa mpunga na miwa, kama alivyoandika yule Mzungu. Kwa neno moja nilikuwa nimemwambia mzee kwamba kwa miaka yake yote alikosea.

“Sawa,” akasema. “Kama ni vile, ni vile. Uwalishe.”

Niliwawekea setaria mbichi kila asubuhi. Hawakuigusa. Chini yake nilikuwa nimeficha vile vishina vya sakafuni, vilivyoanza kunyauka, na viwavi waliteremka huko na kula kwa bidii, kama watu wa harusi wanaopita mezani pa wali kwenda nyuma penye nyama. Walikula mpaka vikabaki nyuzinyuzi ambazo hata Chef asingezitambua. Halafu wakajifunga, na baada ya muda nondo wakatoka, wazuri, wanne. Nikawachoma pini. Nikaandika etiketi: jina la kilima, jina langu, na hapo katikati, palipotakiwa paachwe wazi, setaria. Nyuzinyuzi nilizitupa dirishani. Nilizitupa nikijua ninachofanya, na hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Chef alikuwa mtu wa kweli kuliko wote niliowahi kuwajua. Alivaa abacost yake ya sikukuu, akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya agronome, bwana kilimo wa serikali, kijana mnene mwenye kalamu nne mfukoni, akamwambia: nilikuwa ninabisha, nimekosea, mdudu huyu anakula setaria, huenda ni jamaa ya wale wa mpunga. Aliporudi alikuwa amechoka. Nilimchemshia chai. Alinishukuru kwa ile chai, na mimi nikainywa pamoja naye.

Agronome hakuchoka. Alikuwa akingoja adui tangu alipopewa ofisi. Mdudu wa mpunga amejificha katika safu za setaria milimani! Akasoma etiketi, akaona jina la kilima, akapiga amri: setaria ya kilima kile ing'olewe yote, kuanzia juu kushuka chini, kwa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Wafanyakazi wa maabara waje kusaidia, kwa kuwa mdudu ni wao.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kupeleka ng'ombe wa mahari. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye hamu kubwa ya kula, na mama mkwe alimlisha setaria ya kingo zake, mzigo asubuhi, mzigo jioni. Safu zile zilimshikilia udongo na kumlishia ng'ombe, na zaidi ya hizo hakuwa na kitu kingine cha kushikilia wala cha kulisha.

Jumamosi ile nilipewa jembe. Kilima kizima kilikuwa pale, agronome akipuliza filimbi, na nyumba ya kwanza juu ilikuwa ya mama mkwe. Alisimama kwenye safu yake ya juu, amemshika ng'ombe kwa kamba. Alituona tukija. Aliniona mimi. Hakunitazama usoni, wala mimi.

“Ng'ombe,” akamwambia ng'ombe kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, “uliza huyu citoyen mwenye alikuleta, leo magaribi utakula nini? Utakula filimbi?”

Watu wakacheka. Ng'ombe alinitazama, mwenye haki kabisa.

“Ng'ombe,” akaendelea, “uliza tena. Mvua iko njiani. Haya maharage yangu pale chini, nani atashikilia udongo usiyafunike? Agronome atalala pale?”

“Maman, ni mududu!” agronome akapaza sauti. “Mududu ya mpunga!”

“Mpunga iko wapi hapa?” akamuuliza ng'ombe.

Ningesema pale. Neno moja, mbele ya watu wote: nimedanganya. Jembe lilikuwa mkononi mwangu. Nililiinua, nikang'oa setaria ya mama mkwe, shina baada ya shina, safu yote ya juu, kutoka ukingo hadi ukingo, vizuri kabisa, kwa kuwa nilitaka angalau nisionekane mvivu. Tulipomaliza safu ya juu, saa ya salongo ikaisha. Agronome akasema Jumamosi ijayo tutaendelea na safu za chini.

Mvua ilikuja Jumapili, nikiwa katika chumba changu Bagira. Ilipiga mabati mchana kutwa. Jumatatu asubuhi mchumba wangu alipita maabara kabla ya kwenda shuleni, viatu mkononi, miguu imejaa matope mpaka magotini. Udongo wa juu ulikuwa umeshuka na kufunika theluthi ya maharage. Mama yake alikuwa akiyafukua kwa vidole. Alisema hayo tu, akaenda kufundisha.

Nikaingia kwa Chef. Sikukaa.

“Chef, hawakukula setaria.”

Aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini. “Walikula nini?”

“Majani ya chini. Yenye walitandika ndani ya nyumba.”

“Nyumba gani?”

“Ya mama mukwe wangu. Siku ya kujionyesha. Niliwaokota kati ya miguu, nikawatia mufukoni.”

Nilimwambia yote, hata nyuzinyuzi za dirishani, hata kiwavi wa kola. Penye kiwavi wa kola mabega yake yalitikisika kwa kicheko, nikafikiri nimepona. Halafu akavua miwani, akaufungua ule uzi na kuufunga tena, kazi ndefu.

“Miaka yote nilisema kweli na hakuna mutu aliniamini,” akasema. “Siku moja nilisema uongo, ju yako, na wakaniamini palepale.”

 

Alivaa tena abacost ya sikukuu. Safari hii tulikwenda wawili, na ni mimi niliyesema. Agronome alinisikiliza mpaka mwisho, uso ukibadilika rangi, halafu akafikiri, halafu uso ukarudi. Alisema amri ya safu za chini anaisimamisha, si kwa sababu yetu, bali kwa sababu kampeni imefaulu. Salongo ilikuwa imeng'oa safu nzima na hakupatikana hata mdudu mmoja wa mpunga ndani yake. Aliandika hivyo katika ripoti yake. Nasikia walimpongeza.

Ilibaki kujua majani yenyewe. Chef alinipa etiketi mpya, tupu, akasema nisirudi bila mmea wenye maua. Hapo sikuwa na njia nyingine: mtu mmoja tu alijua majani yale yalikatwa wapi.

Nilimkuta shambani, amepiga magoti, anafukua maharage. Ng'ombe alikuwa amefungwa karibu, mbavu zake zikiwa zimeanza kuonekana. Mchumba wangu alikuwa shuleni. Hakuwepo mtu wa tatu. Nilisimama mbali kidogo, nikamgeukia ng'ombe.

“Ng'ombe,” nikasema, “omba mama anisamehe. Setaria yake haikuwa na mududu. Ni miye niliandika uongo. Mududu ilikuwa ndani ya majani ya nyumba, ile siku, na nilipata haya kusema.”

Mikono yake ikasimama juu ya udongo.

“Ng'ombe,” akajibu, “mwambie nilimwona. Nilimwona anaokota majani yangu anatia ku mufuko. Shemeji yangu, yule wa kofia, pia alimwona. Akasema huyu anapeleka majani ya nyumba kwa muchawi, tumufukuze. Miye nikasema hapana, huyu mutoto ni mupole, pengine iko na njaa.”

“Njaa ya majani?” nikamuuliza ng'ombe.

“Mwambie hatujue batu ya diplôme banakulaka nini.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kufukua, na kicheko changu kikabaki peke yake kwenye mteremko, nikakiona kilivyo kibaya.

“Ng'ombe,” akasema tena, sasa kwa sauti ndogo, “mwambie angeniuliza ile siku. Ningemwonyesha. Ningecheka kidogo, kisha ningemwonyesha.”

Akainuka, akapangusa mikono, akatembea mbele bila kugeuka. Nikamfuata. Tulipanda nyuma ya nyumba, kwenye mwamba usiolimika, na pale majani membamba yalikuwa yamesimama na maua mepesi kama moshi. Nilipiga magoti. Chini ya kila shada kulikuwa na vimrija vya nyuzi nyeupe, kimoja, kingine, kingine. Nondo wa majani alikuwa amejaa pale, kwa amani, mbali na kila shamba. Chef alikuwa sahihi tangu mwanzo. Baadaye alilitaja jani lile kwa jina lake, Eragrostis, akaandika barua nchi za mbali, na jibu likarudi kwamba nondo wetu ahamishwe ukoo kama yeye alivyosema. Aliisoma barua ile akiwa amesimama. Mimi sikustahili kuwa chumbani.

Harusi haikuahirishwa. Lakini mama mkwe alipeleka sharti moja kwa njia ya binti yake: mpaka setaria ya juu irudi, ng'ombe atalishwa na aliyemtoa. Nilipanga kibanda chini ya kilima, na kila alfajiri nilikata mzigo wa majani bondeni, nikaupandisha kichwani mpaka juu, nikateremka, nikakimbilia barabarani kutafuta gari la kunifikisha kazini, abacost ikiwa imejaa mbegu. Wanawake wa kilima walinisalimia: “Citoyen, leo vipepeo vimeshiba?” Mzee mwembamba wa siku ya kujionyesha alisimama njiani mara nyingi kwa makusudi, ili tu aone. Na kila Jumamosi nilipanda setaria, kijiti baada ya kijiti, katika mashimo yaleyale niliyoyachimba kung'oa.

Safu ilirudi baada ya misimu miwili ya mvua. Kwa mbali usingejua. Lakini udongo ulioshuka haupandi tena, na nyuma ya ile safu shamba limezama kiasi cha kiganja, likabaki na kidaraja kama cha ngazi. Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawashika wanangu wote. Siku zote alipopeleka jembe upande ule alifika pale penye kushuka, akasimama, akatafuta kwa mguu mahali pa kukanyaga, kwanza mguu mmoja, halafu, alipozeeka, kwa fimbo. Nilikuwa nikimtazama kutoka mlangoni. Hakuwahi kunitukana kwa ajili ya kidaraja kile. Nilingoja anitukane, mwaka baada ya mwaka. Alishuka tu, akalima.